Utando mwembamba: hotuba kuhusu vyombo vya chuma cha kusubu

Mabibi na mabwana, wapishi wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni zaidi kwa kuniruhusu kuujaza ukumbi huu harufu ya mafuta na chuma tangu asubuhi.

Hapa mezani nina vikaango viwili. Ni vya aina moja, upana wa sentimita 26, na kila kimoja kina uzito unaozidi kilo mbili. Vyote nilivipaka mafuta ya chupa moja, nikaviingiza katika oveni moja, saa moja. Kabla sijaendelea, naomba mama uliyekaa mstari wa mbele unisaidie. Pitisha kidole ndani ya hiki cha kushoto. Kinanata? Kinanata, tena alama ya kidole imebaki. Haya, sasa hiki cha kulia. Kikavu. Kinateleza, na kidole kimetoka safi. Tofauti ya hivi viwili ni kijiko kimoja cha mafuta. Hiki cha kushoto nilikimiminia kijiko kizima nikakiacha hivyo hivyo. Hiki cha kulia nilikipaka matone, kisha nikayafuta.

Kijiko hicho kimoja ndicho kilichonileta hapa. Kwa miaka mingi watu wameniletea vyombo vyao vya chuma wakiwa wamekata tamaa: kinashika yai, kinatoa kutu, kina weusi unaobanduka na kuingia kwenye chakula. Karibu kila mara nakuta mwenye chombo hakuwa mvivu hata kidogo. Alijitahidi, ila alizidisha: mafuta mengi, moto mkali, na kusugua kupita kiasi. Chuma hiki hakidai mengi. Kinataka kidogo, mara nyingi.

Nianze na chuma chenyewe, maana ukikijua hutahitaji kukariri masharti. Nikisema chuma cha kusubu nina maana ya chuma kilichoyeyushwa hadi kikawa uji, kikamiminwa kwenye kalibu, kikaachwa kipoe. Hakikufuliwa kwa nyundo wala hakikukunjwa kutoka kwenye bati. Ndani yake kuna kaboni ya asilimia 2 hadi 4, na kaboni hiyo ndiyo inayokirahisishia kazi mtu wa kalibu: chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini chuma chenye kaboni nyingi hivi huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi au pungufu. Ila kaboni hiyo hiyo hujipanga ndani ya chuma kama vipande vidogo vya grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, na hapo ndipo udhaifu unapoanzia. Chombo hiki kizito, kinachoonekana hakiwezi kushindwa na kitu, hakipindi. Kikizidiwa, kinapasuka. Kiangushe kwenye sakafu ya saruji uone.

Wachina walikuwa wakisubu chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Nchini Uingereza, Abraham Darby alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na mwaka 1709, pale Coalbrookdale, akaanza kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondolewa uchafu. Mchanga naukumbusha kwa sababu mtaukuta kwa vidole vyenu. Vile vijipele mnavyovigusa ndani ya kikaango kipya ni chapa ya mchanga wa kalibu. Zamani viwanda vingi vilichukua hatua moja zaidi, vikasaga sehemu ya ndani mpaka ikawa laini. Leo vingi vinaiacha hivyo. Watu hugombana sana juu ya jambo hili, na mimi nimepika kwenye vyote viwili: laini huanza vizuri zaidi, lakini chenye vijipele nacho hufika, kwa kuwa utando wa mafuta yaliyogandishwa na moto unaojengeka juu yake huziba mabonde kidogo kidogo. Msinunue kwa bei ya kuumiza kwa ajili ya ulaini tu.

Kuna sifa moja ambayo chuma hiki hupewa kimakosa. Husemwa kwamba kinasambaza joto vizuri. Hapana. Alumini hupitisha joto mara nne hivi kuliko chuma cha kusubu. Tunachokipendea ni uzito. Kwa uzito wake kinabeba joto jingi, na kikishalibeba hakiliachii upesi. Ukitia nyama baridi kwenye kikaango chepesi, joto la kikaango linaporomoka, nyama inatoa maji na kuanza kuchemka kwenye maji yake yenyewe. Ukiitia kwenye chuma kilichoshiba moto, inapata rangi. Lakini kwa kuwa joto linatambaa polepole, chuma ukikiwekea moto mkali ghafla, katikati pataungua na pembeni patakuwa vuguvugu. Kipe dakika tano mpaka nane za moto mdogo, huku ukikizungusha kidogo kidogo juu ya jiko. Nusu ya watu wanaoniambia kikaango chao kinashika chakula, tatizo lao ni hili tu. Wametia yai kwenye chuma ambacho bado hakijaamka.

Sasa tuzungumzie kununua. Kipya hakina siri nyingi: kishike kwa mkono mmoja na ujiulize kwa ukweli kama utaweza kukiinua kikiwa na chakula. Kama huwezi, tafuta chenye mpini wa pili upande wa mbele, au upunguze ukubwa. Chombo kisichoinulika huishia kabatini. Kuna pia vyombo vya chuma vilivyopakwa enameli, yaani kioo kilichochomewa juu ya chuma. Hivyo havihitaji kukomazwa, yaani kujengewa ule utando wa mafuta, vinavumilia nyanya na siki, lakini enameli ikimeguka haishonwi. Maneno yangu ya leo ni ya chuma kilicho wazi.

Kilichotumika ndicho kinachohitaji macho na masikio. Naomba utulivu kidogo. Nakining'iniza kikaango hiki kwa kidole, nakigonga kwa mwiko. Mmesikia? Kinalia kama kengele na sauti inakaa. Sasa nagonga hiki kingine, kidogo, nilichokuja nacho mkobani. Sauti imekufa papo hapo. Kina ufa. Ufa wenyewe huuoni. Umepita chini ya mpini, mwembamba kama unywele.

Hiki kidogo nilikinunua mwenyewe. Kilikuwa cheusi kinang'aa, kimepakwa kitu cha kung'arisha juu hadi chini, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba kimetunzwa vizuri. Sikukigonga. Nilikifikisha nyumbani, nikakiosha, weusi ukatoka na maji, na ule ufa ukajitokeza. Nimekiweka miaka yote hii kwa ajili ya kufundishia, na tangu siku ile sijanunua chombo cha chuma bila kukikagua kwa macho na kukigonga kwa mwiko.

Baada ya sauti, angalia kitako. Kiweke juu ya meza ya kioo au sehemu yoyote iliyo sawa, kisukume kidogo. Kikizunguka kama pia, kitako kimevimba, na kwenye jiko bapa la umeme hakitakaa sawa. Kwenye moto wa gesi unaweza kukivumilia. Kutu isikutishe, kutu ni ngozi ya juu tu. Ila pitisha ukucha: ukikuta mashimo, kutu imeshakula ndani, na hayo hayarudi. Tena kama chuma kina rangi nyekundu iliyofifia, kama matofali, na kinabanduka magamba, kiliwahi kutupwa kwenye moto mkubwa. Kukishikisha mafuta ni kazi ngumu, wala mimi sikinunui.

Na hili nawaomba mlishike kwa uzito wake. Baadhi ya vyungu vya zamani vilitumika kuyeyushia madini ya risasi, kwa ajili ya kutengeneza risasi za bunduki au vizito vya kuvulia samaki. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Chungu usichojua historia yake, hasa kidogo chenye mabaki ya kijivu, kipime kwa vijiti vya kupimia risasi kabla hujakipikia. Huna kipimo, kifanye chungu cha maua.

Tumefika kwenye kukomaza. Natumia neno hili kukomaza kwa sababu ndilo linalosema ukweli: hupaki rangi, unakiacha kitu kikomae. Mafuta ya kula, hasa yale yanayobaki maji maji kama ya alizeti, ya soya au ya kanola, yana molekuli zenye viungo vilivyo tayari kushikana. Yakipata joto kali pamoja na hewa, molekuli hushikana moja na nyingine, zikawa wavu mmoja mkubwa uliokwama kwenye chuma. Wataalamu huuita mchakato huo upolimishaji. Kinachobaki si mafuta tena. Huwezi kuyapangusa, na sabuni ya kuoshea vyombo haiyatoi. Ni utando mgumu.

Sasa rudini kwa kidole cha mama. Mafuta yakiwa mazito, hewa hugusa sehemu ya juu peke yake. Juu kunaganda, chini kunabaki ulimbo. Ndiyo maana kikaango cha kushoto kinanata, na utando wa namna hiyo ndio unaobanduka baadaye na kuingia kwenye chakula. Utando mwembamba hewa inaufikia wote, unaiva wote.

Hatua zenyewe ni hizi. Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni, hata kama ni kipya na kimeandikwa kwamba kimekomazwa kiwandani. Kikaushe kwa kitambaa, kisha kiweke juu ya moto mpaka kiwe cha moto mkononi, kwa sababu maji hujificha kwenye vile vijipele. Kikiwa bado cha moto kiasi, kipake mafuta kote: ndani, nje, chini, na mpini. Kwa kikaango kama hiki nusu ya kijiko cha chai inatosha. Kisha chukua kitambaa kingine, kikavu, kisichotoa nyuzi, ufute. Hapa ndipo mikono ya watu inapokuwa na huruma isiyohitajika. Futa mpaka chuma kisionyeshe kung'aa kwa mafuta. Utadhani umeyamaliza. Hujayamaliza, kilichobaki ndicho unachokitaka.

Kipindue kifudifudi ndani ya oveni, nyuzi 230 mpaka 250, saa nzima tangu oveni ifike kwenye joto hilo. Fungua madirisha, patakuwa na moshi. Zima, kiache kipoe humo humo. Rudia mara tatu au nne. Rangi itaanza hudhurungi kama chai ya rangi, na hilo huwatia watu hofu kwamba wamekosea. Hawajakosea. Weusi huja kwa kupika.

Asiye na oveni atumie jiko: moto wa wastani, akikizungusha, mpaka moshi uanze, uendelee, kisha ukate wenyewe. Pembeni hapataiva sawasawa na katikati, lakini chombo kitapika.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu mafuta ya kitani, yanayosifiwa kuliko yote. Ni kweli yanatoa utando mgumu unaopendeza macho. Mimi nimeuona utando huo ukibanduka vipande vipande baada ya miezi, tena kwenye vyombo vilivyotunzwa, na nimeacha kuyatumia. Mafuta ya kawaida mliyo nayo jikoni yanatosha.

Katika wiki za mwanzo, kipikieni vitu vya mafuta: kukaanga viazi, nyama, vitunguu. Mayai yasubiri. Nyanya, siki na ndimu zisubiri zaidi, kwa kuwa asidi hula utando na kukipa chakula ladha ya chuma. Kikishakomaa, mchuzi wa nyanya wa dakika 15 hautakiua. Kukiachia mchuzi huo ulale humo usiku kucha ni jambo jingine.

Chuma kinachoingia kwenye chakula si sumu kwa watu wengi. Jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha mwaka 1999 utafiti uliofanyika Ethiopia: watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma, baada ya miezi 12, hemoglobini yao, yaani ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa imepanda kuliko ya wale waliopikiwa kwenye alumini. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa kulimbikiza chuma mwilini amuulize daktari wake kwanza.

Na sabuni? Najua wengi humu mmeambiwa sabuni ni mwiko. Neno hilo lilikuwa na mantiki wakati sabuni ilipokuwa na magadi makali yaliyosalia ndani yake, kwa sababu magadi makali kweli huvunja utando. Sabuni ya maji ya leo haina nguvu hiyo. Osheni, mara tu baada ya kupika, chombo kikiwa vuguvugu, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Palipoganda chakula, tieni maji kidogo mchemshe, kisha kwangueni kwa mwiko wa mbao, au sugueni kwa chumvi ya mawe na kitambaa. Adui si sabuni. Adui ni kuloweka. Chombo cha chuma hakilali ndani ya maji, wala hakiingii kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Baada ya kukiosha, kirudishe motoni dakika mbili mpaka unyevu uishe, kipake tone la mafuta, ukifute vile vile kama nilivyosema. Kazi yote haizidi dakika nne. Ukivipanga kimoja juu ya kingine, weka karatasi katikati, na chungu chenye mfuniko usikifunike kabisa, hewa ipite.

Maji baridi kwenye chuma cha moto, hapana. Nilipoteza chungu kizuri kwa namna hiyo, tena si kwa kutojua. Nilikuwa na wageni, nina haraka, nikakiinua kutoka motoni moja kwa moja hadi chini ya bomba. Kilitoa sauti moja kavu, na nikabaki na vipande viwili mkononi. Upande mmoja wa chuma ulisinyaa ghafla na mwingine haukuwahi, na chuma kisichojua kupinda kilipasuka. Kile kilikuwa chungu nilichokitumia miaka 11.

Kama chombo chako kimeharibika, usikitupe. Kutu nyepesi inatoka kwa waya wa kusugulia masufuria na sabuni, dakika kumi, kisha unaanza kukomaza upya. Kutu nzito, kiloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu, kwa nusu saa tu, kisha ukisugue uangalie. Ukisahau humo siku nzima, siki ikimaliza kutu itaanza kula chuma. Magamba meusi ya miaka mingi yanahitaji kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye ndoo ya plastiki, na hapo naomba sana: glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, nje penye hewa, watoto mbali. Tia soda kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya soda. Wala isiguse alumini, kwa kuwa itaila na kutoa gesi inayowaka. Na tafadhalini, msitupe chombo kwenye moto wa kuni ili magamba yaungue. Ndivyo vinavyozaliwa vile vyekundu vinavyobanduka nilivyowataja.

Hiki kinachonata cha mama hakijafa pia. Nitakirudisha oveni saa moja nyingine bila kukiongezea mafuta. Kikikauka, vema. Kisipokauka, nitakisugua hadi kwenye chuma nianze upya.

Wakati nikizungumza, kijana hapa pembeni amekuwa akipasha kile cha kulia kwa moto mdogo. Tuangalie. Nadondosha tone la maji. Limekaa, linatoka mapovu, linakauka polepole. Hapa yai bado. Ngoja kidogo. Tone la pili limechemka na kutoweka mara moja. Joto hili linafaa yai, nikitia mafuta sasa. Nikiongeza moto, tone litaacha kuchemka na kuanza kukimbia kimbia kama gololi, likielea juu ya mvuke wake, jambo aliloliandika daktari wa Kijerumani Johann Gottlob Leidenfrost mwaka 1756. Joto la gololi ni la nyama, si la yai.

Natia mafuta. Navunja yai. Limetulia, pembeni linatoa sauti, na sasa mnaona ninavyotikisa mpini, yai linateleza lenyewe bila mwiko. Yapo mayai mengine kwenye bakuli. Njooni wawili wawili mjaribu, na mkishika mpini shikeni kwa kitambaa, kwa sababu nao umepata moto.